Bi Nimefunga

Miguu ilikuwa imemvimba tangu asubuhi, na mwinjilisti alikuwa hajamaliza hata nusu ya mtaa. Alikuwa mjane wa makamo aliyewahi kuuza vitambaa, kisha akaingia kazi ya Bwana, na kazi hiyo, tusidanganyane, ilikuwa imemchosha mpaka kwenye mifupa. Kanisa lilimtuma mtaa huu wa nyuma ya kiwanda cha magunia apate nyumba moja tu itakayokubali watu wakutane humo kusali. Hakuipata. Kesho wazee wa kanisa walikuwa na kikao, naye alitakiwa aende kujieleza. Akikosa la kusema, kazi ingesimamishwa na yeye angerudishwa kufagia ukumbi na kupanga viti.

Si kwamba alikuwa mvivu. Mafunzoni waliambiwa kuwa mtu habishi mlango wa watu kabla hajajiandaa kiroho, na hilo alilishika kwa mikono miwili. Kila siku ya kutembelea nyumba aliamka jogoo hajawika, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji mpaka yakafa ganzi, kisha akafunga: hali, hanywi, hadi jua lizame. Akitoka hapo anajiona yuko tayari. Watu wa mtaa nao hawakuwa wabaya. Walimkaribisha, wakamfutia kiti vumbi, wakamletea maji au chai. Naye kila mara aliweka mkono kifuani na kusema kwa upole kwamba ahsante, amefunga. Halafu anawaombea, anaondoka.

Basi wakampa jina, Bi Nimefunga. Vijana wa kijiweni wakimwona anakuja walikuwa wakiulizana kama leo amefungua, au bado amefunga kama duka la marehemu. Aliyasikia yote, akayameza, akidhani ndiyo mateso ya kazi yenyewe.

Siku hiyo alifika kwa fundi cherehani jua likiwa utosini. Fundi alikuwa mama mwenye ulimi mkali, ambaye nusu ya mtaa ilimwendea kushonewa na nusu nyingine kutaka ushauri, kwa hiyo kumpata yeye kulikuwa ni kuupata mtaa. Alikuwa barazani akipinda sketi za shule. Mwinjilisti alipiga hodi, akakaribishwa, akakaa, na maneno yote aliyoyaandaa yakamtoroka. Kizunguzungu kilimpanda. Cherehani moja akaiona mbili.

"Dada, naomba maji ya kunywa."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. "Kwani leo hujafunga?"

"Nimefunga. Ila nimechoka, dada yangu. Nimechoka sana."

Machozi yalimlengalenga kwa aibu, maana alijiona ameuza sala ya siku nzima kwa kikombe cha maji. Fundi aliingia ndani, akatoka nayo, akasimama akimwangalia akinywa mpaka tone la mwisho, akamwongezea. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu naye kuliko alivyowahi kukaa.

"Unajua tulikuwa tunasemaje? Tulisema huyu vikombe vyetu vinamtia kinyaa, ndiyo maana haishiwi visingizio. Kila siku unatuombea, mwenzetu. Hujawahi kutuomba."

Mwinjilisti alikitazama kikombe mkononi. Aliviona vikombe vyote alivyovirudisha vimejaa, na nyuso za wenyewe walipovipokea, akaumia vibaya sana. Angeweza kufunga siku ambazo hatembelei nyumba za watu, hakuna ambaye angepungukiwa. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakukaa na mtu muda wa kutosha kuambiwa.

Fundi aliviringisha uzi kidoleni. Alipoanza tena aliishusha sauti. Mwanawe mkubwa, ambaye mtaa mzima ulijua amepata kazi mbali, hakuwa na kazi yoyote. Alikuwa gerezani.

"Sijaenda kumwona hata mara moja. Nafika getini, miguu inakataa, narudi. Na hapa hakuna ninayeweza kumwambia. Kesho ndiyo siku ya kuwaona wafungwa. Utanisindikiza?"

Kesho ndiyo ilikuwa siku ya kikao. Asipotokea, wazee wangesema mwenyewe amekata tamaa, na mtaa ungepewa mgongo. Na hata wakija kumuuliza baadaye alikuwa wapi, jambo hili halikuwa lake kulisema mbele ya watu. Angekaa kimya, wao wangeandika watakavyo. Alifikiria kumwomba fundi wasubiri siku nyingine. Akamtazama usoni, akaona mwanamke huyu akiachwa leo hataomba tena.

"Tutoke saa ngapi?" akauliza.