Jibu la Jumatatu

Nakumbuka Krismasi moja, mwanangu Neema, ukoo mzima umerudi Machame, nami nina leseni mpya ya urubani na kichwa kimenivimba. Kampuni moja ya kupeleka watalii mbugani ilikuwa imeniita nirushe kindege chao. Mimi nilikuwa nangoja shirika kubwa. Nyumbani wananiita Kapteni, halafu nionekane kwenye kile kidude? Thubutu!

Ndafu, mbuzi mzima wa kuokwa, ikaletwa. Unajua kwetu nyama haigawiwi ovyo, kila sehemu ina mwenyewe. Babu yako ndiye aliyeshika kisu. Nikajipenyeza kwa wazee, nikanyoosha mkono kwenye kidari.

"Hicho cha nani?" akauliza.

"Cha Kapteni, baba."

"Kapteni wa ndege gani?"

"Ya shirika kubwa. Nangoja waniite."

"Haya. Na kidari kikungoje."

Bibi yako alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Aibu niliyoipata, weee!

Baadaye mzee akaniita pembeni, akanishika bega. "Mambo ya ndege siyajui. Hao watu wa mbugani wanataka urushe ndege au uoshe vyombo?"

"Nirushe ndege, baba."

"Sasa unanuna nini?"

Nikashuka Moshi mjini kupiga simu, roho mkononi, nikakuta nafasi bado ipo. Basi nikawa natua kwenye vumbi, wakati mwingine nazunguka angani kwanza mpaka pundamilia wafukuzwe uwanjani. Huko ndiko nilikoujua urubani. Shirika kubwa lilikuja kuniita, na swali lao la kwanza lilikuwa nimeshatimiza jumla ya saa ngapi za kuruka.

Leo baba yako, ndugu yangu, ananiambia nawe unataka kukataa kazi ya ndege ndogo, na jibu linatakiwa Jumatatu. Unasema dunia nzima inatafuta marubani. Ni kweli, hata mimi nasikia. Ila wanamtafuta aliyezoea kuruka, si aliyekaa sebuleni na leseni yake. Tena hayo mashirika makubwa yakiyumba hufunga milango bila kukuaga. Nimeyaona kwa macho yangu.

Kubali, mwanangu. Ruka kinachoruka, ujifunze, usione haya. Mungu akutangulie ukipaa, akushike ukitua. Nakupenda, na sikufichi, naogopa pia. Kila nitakaposikia muungurumo juu ya migomba yetu, nitatoka nje, nitavua kofia, nitamtajia Mungu jina lako.