Klarineti Mbili, Karatasi Moja

Sijamsamehe mwalimu wetu wa bendi, na sioni kwa nini nianze leo. Alikuwa na sikio zuri na kichwa kigumu, na katika bendi ya usharika pale Rwamishenye kichwa ndicho kilichoongoza.

Mmisionari aliyerudi kwao alituachia klarineti mbili nyeusi zilizofanana kama mapacha. Moja alipewa fundi cherehani wa Nyanga, mzee mpole asiyegombana na mtu. Nyingine nikapewa mimi, karani wa bohari ya kahawa, nisiye mpole. Tukajifunza skeli pamoja: do ilishikwa kwa dole gumba na vidole vitatu vya mkono wa kushoto, kisha unapanda tundu kwa tundu mpaka do ya juu. Kila mmoja akipiga peke yake, skeli ilikuwa safi. Tukipiga pamoja, ilikuwa kero tupu.

"Karani, uko chini," mwalimu akasema. Wiki iliyofuata akasema tena. Ya tatu alininyooshea fimbo yake ya kuongozea mbele ya bendi nzima, na watu wakacheka.

Ningeweza kuvumilia kuchekwa, lakini tulikuwa tumealikwa kupiga Kagoma, kwenye sherehe ya kijiji kipya cha ujamaa, na mama yangu alikuwa amehamishiwa huko. Alikuwa ameacha kibanja chake cha migomba, na huko ugenini jambo pekee la kujivunia lilikuwa mimi. Hakuwahi kunisikia nikipiga. Alikuwa ameshawatangazia akina mama wote wa mstari wake wa nyumba.

Basi nikazikagua zile klarineti. Yangu ilikuwa ndefu kidogo, na imechongwa herufi A. Ya fundi ilichongwa B. Nikazipiga zote mbili kwa zamu. Vidole vilevile, sauti mbili: yangu ilitoka nusu hatua chini. Haikuwa mbovu, ilitengenezwa hivyo. Ili tukutane, fundi akianza na do yake, mimi nilipaswa kuanza nusu hatua juu, na kuipandisha kila nota vivyo hivyo.

Nilimweleza mwalimu kwa adabu ambayo mpaka leo naijutia.

"Mwalimu, hizi hazina ufunguo mmoja wa sauti. Naomba niandike karatasi yangu."

"Yako?" Akawageukia wenzangu. "Nchi nzima inalima shamba moja, huyu anataka do yake binafsi! Do ni do, ndugu. Hapa karatasi ni moja."

Alikuwa amelelewa kwenye kwaya, kwenye do-re-mi ya waimbaji, ambako kila koo hufuata herufi zilezile na mambo yanakwenda. Kwake herufi ya karatasini ndiyo ilikuwa sauti yenyewe. Hilo naweza kulielewa. Kile kicheko chake sikielewi.

Nikaandika kwa siri karatasi yangu ya wimbo wa sherehe. Ilikuwa skeli yenye flati tano, zile alama za kushusha nota, na do yake ilitaka kidole kidogo cha kushoto kibonyeze chuma ambacho sikuwahi kukigusa. Kwa wiki tatu kidole hicho kiliniuma hata nikishika kalamu. Siku ya mazoezi ya mwisho mimi na fundi tulitoa sauti moja, na mwalimu akatabasamu. "Mnaona? Karani ameacha kiburi." Nilitamani kumrushia kile chombo usoni.

Huko Kagoma, kabla mgeni rasmi hajafika, mwalimu alipita akikagua sare zetu, akaiona karatasi yangu. Aliichana vipande vinne, akaniwekea ya kwake.

Nilikuwa nimeshaukariri ule wimbo wote kwa nota zangu. Lakini nilikuwa nimejaa hasira mpaka kooni, nikaamua kumtii. Nikapiga karatasi yake, nota kwa nota, kwa nguvu zangu zote. Watoto waliziba masikio. Mgeni rasmi aliinamia viatu vyake. Jasho lilimtiririka mwalimu shingoni, na mimi nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi sana.

Kisha nikamwona mama, mstari wa mbele. Wenzake walikuwa wakimtazama yeye, si mimi. Ubeti wa pili ulikuwa haujaanza, na ningeweza kusogeza kidole. Sikusogeza.

Baada ya sherehe alinijia na akina mama wale nyuma yake, amenyoosha shingo.

"Mwana wange, nimeshawaambia hawa. Wamekuonea, wamekupa chombo kibovu. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni kibovu."

Jumapili iliyofuata mwalimu alinipokonya klarineti. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila aliposimulia siku ile alikilaani kile chombo, nami nikamwacha akilaani.