Kona ya Kadi ya Kazi

Injini kuukuu ya mtumbwi wangu ilipozima kwenye ziwa la Mwadingusha, nilijua ni mtu mmoja tu angeweza kuirudishia moto, naye alikuwa stesheni ya Likasi akingoja treni ya kumwondoa. Ulikuwa wakati ule watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu. Yeye alizaliwa Kikula, mtaa wa Likasi, kama mimi. Alikuwa fundi wa mgodi, na nilipoacha shule na kuanza kuzurura, ndiye aliyejibu maswali yangu yote bila kuchoka.

Niliifunga injini kwenye baiskeli, nikaisukuma siku mbili. Bila injini ile nisingeleta tena samaki wa kuuza, na treni ingeweza kufika saa yoyote.

Nilimkuta kati ya masufuria na magodoro, amekonda. Mkewe hakunipa mahali pa kukaa.

"Weye ulikuya juu ya motere," alisema, akiinyoshea injini kidole. "Hapana juu yetu."

Ilikuwa wiki yao ya tano pale, nami sikuwa nimefika hata mara moja.

Mumewe alikuwa ameshafungua buji, ile plagi inayotoa cheche. Aliilaza juu ya chuma cha injini, akaniambia nivute kamba. Jua lilikuwa kali, hatukuona kitu. Mama yule akafungua kitenge chake cha begani, akatufunika, naye akaingiza kichwa. Nikavuta tena. Giza tupu.

Aliniuliza nilifanya nini kwenye platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke. Nikakiri kwamba nilizipaka grisi, zisishikwe na kutu.

"Mudogo," alisema, "njo ile mafuta inakataza moto."

Alizifuta kwa pindo la shati. Kupima nafasi kati yake kulihitaji kipimo chembamba, na zana zake zote za ufundi zilibaki katika nyumba waliyonyang'anywa. Akatoa mfukoni kadi yake ya kazi, akakata kona yenye namba yake, akaipitisha kati ya platini, akakaza skrubu.

Chini ya kitenge nikavuta. Cheche ya buluu iliruka, nikaziona nyuso zao karibu sana na yangu.

"Vuta tena," mama alisema.

Nikavuta mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Fundi alinipa ile kona ya kadi, nipimie siku nyingine. Nikawaambia nitabaki mpaka treni ije. Alasiri ile ile niliondoka, niwahi samaki.

Treni ilikuja siku mbili baadaye. Mteja mmoja ndiye aliyeniambia, nikiwa namfungia samaki wake.