Dafrao Nyuma ya Mlango

Siku ya tatu baada ya kumzika baba nilikwenda Malindi kuondoa vitu vyake kwenye chumba alichokuwa amepanga. Havikuwa vingi. Kitanda, jiko la mkaa, sufuria mbili, redio isiyokuwa na betri. Nilipofunga mlango ili nifagie, nikaliona dafrao likining'inia kwenye msumari, rangi yake ya buluu imepauka. Nikaketi palepale sakafuni.

Kama hujawahi kuishi na watu wa boti, dafrao ni ule mpira mrefu uliojazwa upepo, unaofungwa ubavuni ili boti isijikwaruze kwenye gati. Hili nililijua mara moja, kwa kovu la kuungua lililokuwa ubavuni mwake. Mara ya mwisho kulishika nilikuwa na miaka kumi.

Mama alifariki nikiwa mchanga, kwa hiyo muhula wa shule nilikaa Marafa kwa hawe, ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi. Likizo zikifika nilishuka Kilifi kwa baba, aliyekuwa akitunza boti nyeupe ya mzungu mmoja kwenye mkono wa bahari. Sikudanganyi, mwaka mzima niliuishi kwa ajili ya likizo hizo. Asubuhi tulisugua sitaha kwa maji baridi, tukasuuza kamba chumvi itoke, tukazianika. Hewa ilinuka vanishi na mahamri ya jirani, mama mmoja mnene aliyeyakaanga nyuma ya ukuta na kuniita "baharia" ili anicheke vizuri. Mchana baba alipika wali wa nazi, akanipa ukoko wote bila kuombwa.

Na alinifundisha kufunga madafrao. Kamba unaizungusha mara mbili kwenye chuma cha ubavuni, unapiga fundo, unapiga la pili juu yake, unakaza. Kisha, na hapa ndipo alipokuwa msumbufu kupita kiasi, unalitikisa. Juu, chini, huku na huku, mpaka mkono uchoke. "Bahari haivuti tu," alizoea kusema. "Inavuta, inaachia, inavuta tena."

Mimi nilikuwa na fundo langu. Hawe alinifundisha la kufungia mbuzi, lile unaloacha kitanzi na mkia, ili mvua ikianza uvute mara moja na mbuzi awe huru. Mbuzi akivuta, linazidi kukaza. Basi jioni moja upepo ulianza kuvuma, baba akawa anahangaika na kamba za mbele, akaniachia madafrao matatu. Mawili niliyafunga alivyotaka. La tatu, mahamri yalikuwa yameshaanza kunukia, nikalipiga fundo la mbuzi.

"Umelifunga sawasawa?" baba akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Umelitikisa?"

"Nimelitikisa."

Asubuhi dafrao la tatu halikuwepo. Maji yalikuwa yamelivuta na kuliachia mpaka fundo likajifungua lenyewe, na boti ikajisaga kwenye gati hadi mbao zikaonekana chini ya rangi nyeupe. Mwenye boti alikuja, akatazama, akawa mwekundu shingoni. Nilisimama nyuma ya baba.

"Ni mimi niliyefunga, bosi," baba akasema. "Kosa ni langu."

Kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Wiki hiyo hiyo alinirudisha Marafa, naye akaenda kutafuta vibarua kwenye boti za watu, Watamu, Malindi, popote. Likizo iliyofuata hakuwa na mahali pa kunilaza. Wala iliyofuata. Alikuja Marafa mara moja moja, akaketi na hawe, akaniuliza habari za masomo, akaondoka. Hakuwahi kulitaja lile fundo. Nilitamani angenipiga, yaishe. Nikajiambia amenikasirikia, na nilipokuwa mkubwa, nina kazi na nauli yangu, sikumtembelea. Nilimpigia simu za sikukuu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Kisha nakata simu.

Siku hizi lile gati limevunjwa. Jirani wa mahamri alihamia kwa wanawe, hawe yuko chini ya mkorosho wake, na sasa baba. Hakuna aliyebaki anayeweza kukuambia kwamba niliwahi kuitwa baharia.

Pale sakafuni nikajiuliza aliliokota wapi, kwenye mikoko au kwa wavuvi, na kwa nini alihama nalo vyumba vyote hivyo asiniambie. Kisha nikainuka nilitungue, na ndipo nilipoona kamba ilivyofungwa kwenye msumari. Hakulifunga kwa mizunguko miwili, yeye aliyekuwa hawezi kufunga hata mfuko wa sukari bila kuutikisa. Lilikuwa fundo la mbuzi, kitanzi na mkia wake, kama langu kabisa. Mle chumbani hamkuwa na wa kulitikisa, likashika muda wote.

Nilivuta mkia mara moja tu, dafrao likaniangukia mikononi. Nikalikumbatia, nikasema kwa sauti katika chumba kile kitupu, "Baba, sikulitikisa."