Jina Lake la Mwanzo

Juzi niliona binti yangu ameandika daftarini, "Tuseme y ni x kipeo cha pili," mara nikasikia harufu ya majani ya chai yanayonyauka.

Jioni moja nilipokuwa bado mwanafunzi, mvua ilikuwa imetufungia jikoni mimi na mama, pamoja na kapu lake la majani mabichi ya chai lililojaa. Mlango ulikuwa mmoja, na babu, mzazi wa baba, alikuja kujikinga mvua akakalia kigoda papo hapo mlangoni. Mama aliyekuwa akitoka kuipeleka chai barabarani alirudi nyuma ya moshi, akachukua daftari langu la tuisheni.

"Hii x kipeo cha nne inakutisha bure," alininong'oneza. "Penye x kipeo cha pili weka y, ukokotoe. Ila ukimaliza, usisahau kurudisha jina lake la mwanzo."

Nilidhani ananilinda nisitoroke hesabu, kwa hiyo nikaharakisha. Nikapata y mbili, nikarudisha x zote.

"Nimemaliza, mama. Nenda!"

Hakusogea. Nje, lori la wanunuzi wapya wa chai lilipiga honi.

"Mama Tusekile! Chai!" utingo aliita, akaita tena. Babu alikohoa taratibu. Lori likaondoka, chai ikabaki kapuni ikinyauka.

Sikujua bado kwamba kwetu mke hapiti mbele ya baba mkwe wake, hata nyumba ikiungua.

Tusekile ni mimi. Jioni ile nilirudisha x zote nne. Jina la mama la mwanzo, tangu nizaliwe, sijasikia mtu akilirudisha.