Kikombe cha Eliya

Juzi, uwanjani Makambako, niliona vijana wa mpira wa kikapu kutoka pwani wakihema, mwalimu wao akiwatuliza: "Mtazoea. Huku juu hewa ni nyepesi." Nikamkumbuka binamu yangu Eliya, aliyeletwa kwetu kijijini Yakobi enzi za Mwingereza, kutoka kando ya Ziwa Nyasa, asome misheni.

Alasiri moja, akiwa bado mgeni, harufu ya magome ya miwati, miti ya dawa ya kulainishia ngozi, ilijaa kote. Eliya aliruka mara tatu kutumbukiza mpira kwenye pete ya pipa iliyotundikwa mtini, kisha akachuchumaa, ameshika kifua. Nikakimbia nyumbani.

"Mama, Eliya ana kifua kikuu!"

Jioni alitengewa kikombe chake peke yake, asituambukize.

"Dada, nimechoka tu," aliniambia.

Wiki haikuisha, akarudishwa kwao. Shule ikaishia hapo. Kikombe kilining'inia ukutani miaka mingi. Hata mimi sikuthubutu kukinywea.