Sauti Aliyoitunza Ngowa

Mume wangu Ngowa ni fundi wa umeme katika yadi moja ya makontena hapa Changamwe, na hana ugonjwa ila huu mmoja: hawezi kuona kitu kimefungwa akakiacha kimefungwa. Redio, pasi, jokofu la jirani, vyote amevifungua. Vingi, nisimsingizie, hurudi vikafanya kazi.

Babake, mzee Kenga, alipougua mwaka jana, alirekodi kwa simu yake maneno ya dakika arobaini, akamtumia Ngowa na kumwambia amtunzie mamake. Haukupita mwezi mzee akafariki. Mama akasema moyo wake haujaweza, atayasikiliza wakati wa hanga ivu, yale matanga ya pili ya kwao Wagiriama. Ngowa akaahidi kuyaweka mahali salama. Simu ya mzee ikapewa shemeji yangu Mwidani, na Ngowa mwenyewe akamwambia afute yote yaliyomo, kwani sauti iko kwake.

Hilo la mahali salama ndilo lililotupeleka Kisauni. Ngowa alitaka kisanduku cha kuhifadhi mafaili ya nyumba nzima, kinachochomekwa kwenye intaneti ya nyumbani, simu zetu zote ziwe zinapeleka picha humo zenyewe. Jafar muuzaji alituwekea viwili mezani. Cha kwanza kilitoka kiwandani kimefungwa, hakichezewi, unachomeka basi. Cha pili kilikuwa kimetumika, kinaendeshwa na programu ya Linux, na mwenye ujuzi anaweza kukibadilisha kuanzia juu mpaka chini. Niliona macho ya mume wangu yalikoelekea, nikajua mashauri yamekwisha.

Jafar alijaribu, Mungu ambariki. "Kaka Ngowa, chukua hiki cha kwanza. Ukifuta kitu humu, hukiweka pembeni mwezi mzima, ukijuta wakirudisha. Hicho, wallahi, kitakutii hata ukikosea."

Ngowa alicheka. Nami nilicheka, na ndicho kinachoniuma, maana nilijivunia mume anayejua kuliko muuzaji.

Kwa miezi sita kisanduku kilinguruma juu ya kabati. Ngowa akitoka kazini, kabla hajanywa chai, anakiandikia amri. Alikifundisha hata kuwasha taa ya barazani. Faili la mzee alilitoa simuni kwake asibakize nakala, akalihamisha humo mara tatu, akalitafutia jina zuri, na kila mara alihakikisha halijapungua hata chembe.

Kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Mzee alikuwa Kenga Ngowa, na mwanangu wa miaka tisa ni Kenga Ngowa. Kila mmoja alikuwa na folda ya jina lake kisandukuni, moja upande wa wazee, ndimo ilimokaa sauti, nyingine upande wa watoto. Mtoto akajaza katuni mpaka picha zangu zikakosa nafasi, nami nikamnung'unikia babake siku mbili mfululizo. Jumamosi mchana, huku akitafuna mhogo, Ngowa akaandika amri moja fupi: futa kila folda yenye jina Kenga Ngowa. Kisanduku kikafuta zote mbili. Hakikuuliza kitu.

Alipokuja kugundua, siku nne zilikuwa zimepita na katuni mpya zimejaa pale pale. Tulijaribu programu za kufufua mafaili. Zilitufufulia vipande vya katuni.

Siri hiyo tulikaa nayo wiki tatu. Mama akipiga simu kutoka Kaloleni na kuuliza habari za nyumbani, mimi hujibu njema, kisha nakosa usingizi kama mwizi. Ngowa aliacha kukigusa kisanduku. Alikonda.

Mama alifika Alhamisi, hanga ivu ikiwa Jumamosi. Nilimwamkia shikamoo nikashindwa kumtazama. Alioga, akajifunga kanga mpya, akaketi sebuleni na kusema yuko tayari kumsikiliza mzee.

Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, mimi na manung'uniko yangu. Ningestahili. Lakini Ngowa hakunitaja, wala hakumtaja mtoto. Aliketi sakafuni mbele ya mamake, akamweleza jambo zima toka dukani kwa Jafar.

"Nimeifuta, mama," akamalizia. "Kwa mkono wangu mwenyewe."

Mama alimshika bega. Hakumkaripia. Heri angemkaripia.

"Haidhuru, mwanangu," akasema. "Mwenyewe keshakwenda, sauti nayo imemfuata. Wewe nieleze tu alisema nini."

Ngowa akanigeukia. Mimi nikatazama chini. Faili lile alilijua ukubwa wake mpaka tarakimu ya mwisho, alijua siku na saa liliporekodiwa. Kulisikiliza, hakuwahi kulisikiliza hata mara moja, na mimi pia sikuwahi kumwambia alisikilize.

Mama alimngoja. Alidhani mwanawe analia ndiyo maana hasemi.

"Hata mwanzo wake tu," akamwambia.